Aliyeandika Ukurasa wa Kumi na Moja

Kijitabu kilikuwa na kurasa ishirini na nne zilizobanwa kwa pini mbili, na juu ya jalada liliandikwa jina lake: Tuliosoma Humo Tunasema. Kilifika Base Camp, kituo kikuu cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, mwezi wa pili mwaka 2012, katika mkoba wa Joël, mtoto wa mzee Appolinaire aliyefundisha kwaya. Joël alikuwa mmoja wa vijana wachache wa Nakivale waliokuwa wakisoma chuo mjini Mbarara. Yeye na wenzake wawili walikuwa wamezunguka miezi mitatu kukusanya maneno ya wanafunzi wa vyuo kumi na saba vya mji ule, kila chuo na ukurasa wake. Utangulizi ulisema wazi kwamba hakuna mkuu wa chuo wala mwalimu aliyeandika hata mstari mmoja. Waliosema ni wale wanaolala humo, wanaokula humo na kufanyia mitihani humo.

Mariette, binti ya Néhémie, alikisoma akiwa amesimama mbele ya kibanda cha kinyozi. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

Alikuwa na miaka ishirini. Wazazi wake, Néhémie na Eugénie, walimleta Nakivale akiwa na miaka kumi na moja, wakitokea Uvira, Kongo. Walifika na sufuria mbili, Biblia, na cherehani ya Eugénie ambayo Néhémie aliibeba begani kila mahali ambapo gari halikupita. Tangu alipoingia sekondari, Mariette alikuwa akitafsiri katika zahanati siku ambazo hakuwa na masomo. Wauguzi walizungumza Kinyankole na Kiingereza, wagonjwa walizungumza Kiswahili cha Kivu, naye alisimama katikati yao. Kulikuwa na jambo moja alilolichukia katika kazi ile. Mkalimani mwenzake, mwanamume mtu mzima, alikuwa akimsikiliza mama akieleza kwa dakika tano mahali panapomuuma, kisha anamgeukia muuguzi na kusema, "Tumbo." Siku moja mama aliyetafsiriwa hivyo alikuwa amesema pia kwamba ana mimba ya miezi mitatu na ameanza kuona damu. Mariette aligombana na yule mkalimani mbele ya foleni nzima, akaambiwa ni mtoto asiye na adabu. Siku hiyohiyo aliamua kwamba atasomea uuguzi, ili mgonjwa akisema neno, lisikike lote.

Kwa hiyo kijitabu kilimkuta akiwa tayari. Kurasa mbili tu ndizo zilizohusu uuguzi.

Ukurasa wa sita ulikuwa wa shule ya masista iliyokuwa nje kidogo ya mji. Aliyeuandika alilalamika mwanzo mpaka mwisho. Maharage yana wadudu. Matroni anaamsha watu saa kumi na moja alfajiri hata Jumapili. Mwaka wa kwanza unasafisha vyombo vya wagonjwa hadi mikono inachubuka. Nusu ya darasa lililotangulia walianguka somo la dawa na kulazimishwa kurudia.

Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa wa Chuo cha Afya cha Bethfage, kilichokuwa kwenye nyumba ya ghorofa moja katika kilima cha Kamukuzi. Ulisema maktaba ipo. Ulisema mwalimu anafundisha vizuri sana. Ulisema mazoezi ya hospitali ni kuanzia muhula wa pili, na kwamba bweni lina maji. Chini kabisa iliandikwa: mwanafunzi wa kike, mwaka wa pili.

Néhémie alitaka shule ya masista, kwa sababu masista aliwajua tangu Uvira na hakuwahi kusikia mmoja akikimbia na ada ya mtu. Mariette alimwekea kijitabu mbele yake, akamsomea kurasa zote mbili. Alimwambia matangazo ya ukutani yanadanganya, redio inadanganya, lakini mwanafunzi mwenzake atamdanganya kwa faida gani? Néhémie akakubali. Mwezi uliofuata Eugénie aliuza cherehani kwa fundi mmoja wa sokoni. Alifuta mafuta kwenye gurudumu lake kwa kitambaa, akamkabidhi fundi, halafu akamwambia binti yake neno moja tu.

"Usome mpaka mwisho."

Mariette aliingia Bethfage mwezi wa tano.

Maktaba ilikuwepo kweli. Ilikuwa kabati la kioo ofisini kwa mkuu wa chuo, limefungwa kwa kufuli, na ndani yake kulikuwa na vitabu kumi na viwili na kikombe cha mashindano ya mpira. Bweni lilikuwa na bomba, na bomba lilikuwa na maji siku za mvua. Walimu walikuja na madaftari ya zamani wakawasomea, wanafunzi wakanakili. Wanafunzi thelathini na wanne walikuwa na kipimajoto kimoja, na siku kilipovunjika waliendelea kujifunza kupima joto kwa kuchora ubaoni.

Jambo ambalo Mariette hakujisamehe baadaye ni kwamba aliyaona haya yote na bado hakuyaamini macho yake. Aliamini kitabu. Muhula wa pili ulipofika bila hospitali, alijiambia labda mwanafunzi aliyeandika alihesabu mihula kwa namna nyingine. Muhula wa tatu ulipofika aliwatuliza wenzake. Aliwaonyesha ukurasa wa kumi na moja, ambao sasa ulikuwa umekunjwa mara nyingi hata wino ulikuwa unafutika kwenye mikunjo. Wengine sita walikuwa wamekuja kwa sababu ya ukurasa uleule, wanne kati yao kutoka Nakivale.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2013, miezi michache kabla ya mitihani ya taifa, msichana mmoja mwenye binamu Kampala alimwomba aangalie namba zao za mtihani. Binamu alipiga simu siku ya tatu. Hakukuwa na namba. Hakukuwa na majina. Katika orodha ya vyuo vyenye ruhusa ya kufundisha uuguzi, hakukuwa na Bethfage.

Mariette ndiye aliyetumwa kuingia kwa mkuu wa chuo, kwa sababu alijua lugha nyingi. Mkuu alikuwa mtu mnene mpole aliyevaa tai kila siku. Hakukasirika wala hakukana. Alimkaribisha kiti.

"Nyabo, mama yangu, usajili iko njiani," alisema. "Nyinyi wakimbizi munapenda haraka sana. Mwaka kesho, munarudia mwaka wa pili, munafanya mtihani, imekwisha."

Mariette alimuuliza ni nani atakayelipia mwaka huo wa kurudia. Mkuu alitabasamu kwa huruma, akasema kwamba chuo hakimfukuzi mtu anayetaka kusoma. Kisha akaongeza kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kumwahidi mtu chochote. Kama kuna mtu aliahidi, basi ni kile kijitabu, na kile kijitabu kiliandikwa na wanafunzi wenyewe.

Maneno hayo ndiyo yaliyomtoa Mariette ofisini akiwa hawezi kuona vizuri kwa hasira. Alitembea kutoka Kamukuzi kuteremka mpaka mjini bila kujua anakwenda wapi. Kuhusu mkuu wa chuo hakujiuliza mengi. Mtu wa namna ile alikuwa amemwona mara nyingi maishani, na hakushangaa kwamba mwizi ameiba. Alimfikiria yule msichana wa mwaka wa pili. Alimfikiria akiwa ameketi na kalamu, anajua kufuli la kabati, anajua kipimajoto, halafu anaandika kwamba mwalimu anafundisha vizuri sana. Alitaka kumwona uso.

Haikuwa vigumu kumpata. Mwaka ule kitabu kilipoandikwa, mwaka wa pili wa Bethfage ulikuwa na wasichana saba tu, na mpishi wa chuo aliwakumbuka wote. Aliyekuwa akija kuulizwa maswali na vijana wa kitabu alikuwa Amirah, binti ya Latif, mfanyabiashara wa vitambaa. Aliacha chuo kabla ya kumaliza. Sasa alikuwa dukani kwa baba yake.

Mariette aliingia dukani asubuhi, akautandaza ule ukurasa juu ya meza ya kukatia vitambaa, bila salamu. Amirah alikuwa msichana mrefu aliyejifunga mtandio wa kijani. Aliusoma taratibu, kidole chake kikifuata mistari, na alipofika chini aliposomeka mwanafunzi wa kike, mwaka wa pili, akauinua akausoma tena.

"Hiyo si yangu," alisema.

Mariette alimwambia asimdanganye mara ya pili.

"Mimi naandika karatasi mzima, dada. Mbele na nyuma. Hao vijana ya kitabu nakata." Amirah aliingia nyuma ya duka. Mariette alisikia sanduku likifunguliwa na kufungwa. Alirudi na daftari la shule, akalifungua katikati. "Mimi naandika hapa kwanza, halafu nanakili safi, napatia Joël. Soma."

Mariette alisoma. Maktaba ipo, Amirah alikuwa ameandika, lakini ni kabati lenye kufuli. Mwalimu mmoja, Sista Mukandoli, anafundisha vizuri sana, na aliondoka mwezi wa tatu kwa sababu hakulipwa. Tuliambiwa mazoezi ya hospitali ni kuanzia muhula wa pili, na mimi nimemaliza muhula wa nne sijamgusa mgonjwa. Bweni lina maji mvua ikinyesha. Tumeuliza habari za usajili, tumeambiwa iko njiani. Halafu mstari wa mwisho, umepigiwa mstari mara mbili: kama una dada, usimlete hapa.

Hakuna neno lililoongezwa kwenye ukurasa uliochapwa. Hilo ndilo lililomfanya Mariette aketi chini, kwenye robota la kitenge. Kila neno la ukurasa wa kumi na moja lilikuwa la Amirah. Mtu alichukua maneno ya msichana huyu akayapunguza, akabakiza yaliyomfaa, kama yule mkalimani wa zahanati. Tumbo.

Na akiwa ameketi pale alianza kuufikiria ukurasa wa sita, ule wa maharage yenye wadudu. Uliandikwa na mtu aliyeruhusiwa kulalamika mpaka mwisho. Shule ambayo watu huanguka somo la dawa ni shule inayofundisha dawa. Alikuwa ameushika ukweli mkononi, akauweka kando kwa sababu haukumpendeza.

Jumapili iliyofuata alikuwa Nakivale. Alimngoja Joël nje ya kanisa mpaka kwaya ikatoka, akamwita pembeni kwenye uzio wa miba, akampa daftari aliloazimwa na Amirah. Joël aliutambua mwandiko mara alipolifungua. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na jasho likaanza kuonekana kwapani.

Hakukana. Alieleza kwamba hawakuwa na mashine ya kuchapia wala karatasi, kwamba vyuo vyote vilikataa kuwasaidia, isipokuwa Bethfage. Mkuu wa Bethfage aliwafungulia ofisi siku tatu, wakatumia mashine yake ya kunakili, na karatasi zake, na wino wake. Aliomba tu aone ukurasa wa chuo chake kabla haujachapwa. Walibishana naye. Mwishowe walipunguza maneno kidogo.

"Kidogo," Mariette alisema.

"Bila ile mashini, hakuna kitabu," Joël alisema. "Mariette, kurasa kumi na sita ni za kweli. Bantu mingi bamesaidika."

"Na miye ningejua namna gani ya kumi na saba ni gani?"

Joël alitazama upande wa kanisa. Alisema alikuwa na nia ya kueleza katika toleo la pili. Mariette alimuuliza toleo la pili linatoka lini. Kumbe lilikuwa limekwisha kutoka. Litagawiwa Jumamosi ijayo kwenye ukumbi wa Base Camp, katika mkutano wa vijana wanaotafuta vyuo. Alimuuliza ukurasa wa Bethfage umebadilishwa nini. Joël alimrudishia daftari, na Mariette akaelewa kwamba haukubadilishwa kitu.

"Jumamosi utasimama," alimwambia, "utasoma ya Amirah yote, mbele ya bantu. Wewe mwenyewe, na kinywa yako."

"Siwezi."

"Basi miye nitasoma."

Ukumbini walikuwa vijana kama mia moja, na wazazi wengine wamesimama madirishani. Mzee Appolinaire aliombwa afungue kwa sala. Joël alipoanza kugawa kijitabu kipya, chenye jalada la rangi safari hii, Mariette alisimama mstari wa tatu, na kabla hajaruhusiwa akaanza kusoma. Alisoma kwanza ukurasa uliochapwa. Kisha akasoma daftari. Alisoma polepole, kwa sauti aliyokuwa akiitumia zahanati, ya kumfikia mgonjwa aliye mwisho wa benchi. Alipofika kwenye Sista Mukandoli watu walianza kunong'ona. Mzee Appolinaire alimwambia aketi, haya ni mambo ya nyumbani, na hapa kuna wageni kutoka Mbarara wanaosikiliza. Mariette alisema ataketi akimaliza.

Alimaliza. Alieleza kwamba yeye na wenzake wanne wa Nakivale wamepoteza karibu miaka miwili, na kwamba mtu anayekata maneno ya mwenzake ili mwingine apotee ni mbaya kuliko mkuu wa chuo, kwa sababu mkuu wa chuo hawakumwamini. Alitaja jina la Joël. Kisha akaketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Wengi walikasirika, na wengi wao walimkasirikia yeye. Walisema amemwaibisha kijana wa watu, kijana aliyejitahidi, mmoja wa wachache waliofika mbali. Kwa wiki kadhaa wanawake wa kwaya hawakumsalimia Eugénie. Néhémie mwenyewe alikaa siku mbili bila kumsemesha binti yake. Siku ya tatu alimkuta Mariette akipepeta maharage, akachuchumaa karibu naye.

"Ungemwita kando," alisema.

"Nilimwita kando, papa."

Néhémie alichukua ungo mwingine akapepeta naye. Msimu ule alikodi shamba huko Masha kwa mfugaji mmoja, akalima mahindi peke yake kwa ajili ya ada, na mwaka 2014 Mariette aliingia shule ya masista, mwaka wa kwanza, pamoja na wasichana waliomwita bibi. Maharage yalikuwa na wadudu kweli. Matroni aliamsha watu saa kumi na moja. Katika juma la tatu walimpeleka wodi ya wazazi, na usiku ule aliandika barua kwa Amirah yenye mstari mmoja: nimemgusa mgonjwa.

Wasichana wawili wa Nakivale waliokuwa wamejaza fomu za Bethfage hawakuzipeleka tena baada ya mkutano ule. Wa tatu alikwenda. Joël alimaliza masomo yake, akapata kazi Base Camp katika shirika moja, ya kuwashauri vijana juu ya elimu. Alitembea na kitambulisho shingoni. Alipokutana na Mariette sokoni alimwambia kwa upole kwamba mambo yale yamepita. Mariette alimjibu kwamba kwake hayajapita, akaendelea kuchagua nyanya. Mpaka leo hawasalimiani. Wapo wanaosema Mariette ana roho ngumu. Hajakataa.

Mwanzoni mwa 2015 Amirah alimpigia simu kumwambia kwamba kibao cha Bethfage kimepakwa rangi upya. Nyumba ni ileile, mkuu ni yuleyule, jina ni jingine. Wakati wa likizo walikutana mjini wakaandika karatasi moja, mbele na nyuma, kila walichokiona kwa macho yao, tarehe zake na majina yao kamili. Waliinakili kwa mashine ya mtu asiyemjua mkuu wa chuo. Siku ya kupokea wanafunzi wapya walisimama langoni wakawapa waliokuwa wakiingia. Askari wa lango, Nasur, mzee aliyewahi kuwa jeshini, aliwaambia waondoke.

"Hapa ni ya chuo," alisema. "Nyinyi nenda."

Walivuka barabara wakasimama upande wa pili. Nasur aliwatazama muda mrefu, akaona kwamba huko si kwake, akarudi kwenye kiti chake.

Wengi walipokea karatasi wakaikunja bila kuisoma. Karibu na saa sita alikuja msichana mmoja kutoka Rubondo, upande mwingine wa Nakivale, na sanduku la bati, akasoma mbele na nyuma akiwa amesimama juani, akawashukuru kwa adabu, kisha akavuka na kuingia langoni. Mariette alisema kwa hasira maneno ambayo Amirah hakuyaelewa, kwa Kifuliru, lugha ya kwao Uvira. Amirah alisema waende wakale. Mariette alikataa, akaketi juu ya jiwe kwenye ukingo wa barabara, akangoja.

Msichana alitoka baada ya saa nzima, na fomu mkononi. Mariette alikuwa amekwisha kusimama. Alimuuliza kama ameweka sahihi. Msichana alisema bado, amepewa mpaka jioni.

"Basi ikaa hapa," Mariette alimwambia, akimsogezea nafasi kwenye jiwe. "Unieleze bamekuambia nini huko ndani. Yote. Usikate."